Mbio za Vumbi Zilizonipitisha Ukweni

Jamani, leo nimeaibika mbele ya Kayanga nzima. Naandika haya nimejifungia chumbani, vumbi bado limo masikioni, na sebuleni watu wanacheka mpaka wanakohoa. Watu wenyewe ni mke wangu na shangazi yake. Nimeona niwasimulie mwenyewe kabla video haijawafikia (kama imeshawafikia, someni hivyo hivyo, mpate na upande wangu).

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni kinyozi, nina kibanda changu Bugene. Kinyozi ana muda mwingi wa kushika simu. Na mimi kwenye simu nilikuwa naangalia kitu kimoja tu: wanaume wanaoshindana kwa pikipiki jangwani. Mchanga unaruka, mtu anapaa juu ya kilima, anatua, anaondoka kana kwamba hakuna lililotokea. Nikaangalia, nikaangalia. Mwishowe nikajiambia, Audax, na wewe si una mikono miwili? Jangwa hatuna, sawa. Lakini njoo Karagwe mwezi wa saba uone vumbi letu. Ukipiga chafya, kitambaa kinageuka chekundu.

Bahati ikawa (nilidhani ni bahati) vijana wa Kayanga na wenzao wa Kyerwa wameanzisha mbio za vumbi. Si mbio za wakubwa. Ni mafundi, ni bodaboda, mwalimu mmoja na muuza nyama mmoja. Nikasema hapa ndipo pangu.

Nilidhani gharama ni pikipiki. Niwape somo la bure: pikipiki ndiyo rahisi! Nilipata ya mtumba kule Nkwenda kwa hela tuliyouzia kahawa yetu, pikipiki ndefu ya mashindano, ndefu kiasi kwamba miguu yangu haifiki chini na kuipanda lazima nitafute jiwe. Nikaileta nyumbani nikijiona nimemaliza.

Ndiyo kwanza nilikuwa naanza. Tairi zilizokuja nayo laini, vumbi linataka tairi za meno. Tairi za meno zilipokuja zikawa zinagusa madigadi. Madigadi yakatolewa, kumbe yalikuwa yameshikilia taa. Fundi Respi, rafiki yangu tangu utotoni, akawa ananipigia simu kila jioni, na kila simu inaanza na neno "samahani". Bado mwili wangu nao ulitaka kuvishwa. Buti ni mbuzi mmoja. Helmeti ni mbuzi na mtoto wake. Miwani ya vumbi, vikinga vya magoti, vya viwiko. Nilipiga hesabu kwa mbuzi kwa sababu kwa shilingi ilikuwa inauma. Mbuzi walipoisha nikahamia kwenye mikungu ya ndizi.

Mke wangu Jovitha alikuwa anatazama tu. Hela ile ya kahawa yeye aliitaka kwa tangi la kukinga maji ya mvua, maana kiangazi kikianza anashuka bondeni na ndoo asubuhi na jioni. Wiki iliyopita akaniita, akanikalisha.

"Sikukatazi," akasema. "Nenda ukakimbie. Ukimaliza hizo mbio zako, pikipiki inabaki, husikii neno kwangu. Usipomaliza, Jumatatu inauzwa, nanunua tangi."

"Nimalize wa ngapi?"

"Hata wa mwisho. Wewe maliza tu."

Moyoni nikacheka. Masharti mepesi kiasi hicho! Nikamshika mkono, tukakubaliana, na Jovitha akikubaliana na mtu amekubaliana.

Ikabaki fulana yenye namba, na hela haikubaki. Jovitha akanishonea kizibao kwa kipande cha kitenge kilichosalia kwenye sare ya sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake, Adelina, alipokwenda kuolewa. Kitenge cha njano, kina tausi wa bluu, wakubwa kama kuku wa kweli. Mgongoni akanibandikia namba kumi na moja. Mnazijua sare za shughuli, ukoo mzima wa mke wangu unacho kitenge hicho. Hilo halikunipitia kichwani hata kidogo. Lingenipitiaje, wakati mbio zimepangwa kwenda upande wa Kyerwa, na ukweni kwangu ni Nyakakika?

Leo asubuhi tumejipanga Kayanga, injini zinanguruma, moyo wangu nao unanguruma. Mwenyekiti wa mbio, mzee muuza vipuri, akapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu, njia ya Kyerwa ina msiba," akasema. "Hatuwezi kupita tunapiga kelele mbele ya wafiwa. Tunageuza. Tunakwenda Nyakakika, tunazunguka kule, tunarudi hapa."

Wote tukaitikia vizuri, nani atabishana na msiba? Mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha nikakumbuka Nyakakika ni kwa nani.

"Jingine," akaendelea. "Nyuma yenu itakuwepo pikapu, inaokota walioharibikiwa. Ikikutangulia kufika kwenye utepe, hukumaliza. Hakuna kubembelezana."

Sasa kwa wasio wa huku niwaeleze. Kwetu mkwe hapiti mbele ya lango la ukweni bila kuingia. Hata akifukuzwa na nyuki anaingia, anasalimia, anatafuna kahawa, halafu ndiyo anaendelea kufukuzwa. Kuna jirani yangu alipita ukweni kwake mara moja akiwahi kikao. Mpaka leo kule wanamwita "yule aliyepita", na watoto wake wanaitwa watoto wa yule aliyepita.

Nikajituliza. Audax, una helmeti. Una miwani. Una kitambaa puani. Hata mama yako mzazi hakutambui. Pinda mgongo, vuta mafuta, pita.

(Tausi hawa hapa kifuani, na mimi najiambia sitambuliki!)

Filimbi ikalia. Sikuona kitu chochote, lilikuwa vumbi tupu, nikafuata sauti za wenzangu. Kona ya pili nikaingia kwenye kibanja cha mtu na kuukumbatia mgomba. Mama mwenye kibanja akaacha jembe, akanitazama kwa huruma.

"Unatafuta choo, mwanangu?"

"Hapana mama, niko kwenye mashindano."

"Pole."

Nikatafuta jiwe, nikapanda, nikaendelea. Na nyie msinidharau, nilianza kuwapita watu! Mmoja kabureta imejaa vumbi. Mwingine anatafuta kiatu. Tulipoingia Nyakakika nilikuwa wa nne. Wa nne, jamani! Nilianza kufikiria nitasema nini nikipewa kipaza sauti.

Ukaja mteremko wa ukweni. Nikaona lango. Nikaona na uwanja umejaa, maana ni siku za kuanika kahawa na ukoo wote ulikuwa umekusanyika. Majamvi ya kahawa yametandazwa mpaka kando ya njia, kulia na kushoto. Nikainama, nikavuta mafuta.

Hapo akasimama Shangazi Koku.

Shangazi Koku ni dada wa baba mkwe. Ndiye aliyemlea Jovitha, na siku ya mahari ndiye aliyerudisha mbuzi wangu mmoja akisema anakohoa. Aliniangalia ninavyoshuka, akaangalia kifua changu, akatembea mpaka katikati ya njia na kufungua mikono.

"Simama! Hicho kitenge ni cha sendofu ya Adelina! Wewe ni wa kwetu!"

Kulia kahawa. Kushoto kahawa. Mbele shangazi. Nikashika breki zote, nikateleza, nikasimama hatua moja kutoka kwenye kanga zake. Nikavua helmeti taratibu.

"Aa! Kumbe ni mkwe?" Akageuka kuwatazama walioko uwanjani, akanirudia. "Ulikuwa unapita?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Hata kuku nadhani waligeuka.

"Hapana, shangazi. Nilikuwa naingia."

"Kwa mwendo ule?"

"Ndiyo. Nilikuwa na hamu."

Nikaingia. Baba mkwe amekaa na wazee wenzake watatu. Nikapiga goti (vya magoti vilinisaidia hapo, tusiseme ni hela iliyopotea yote).

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Haya mavazi vipi? Umeajiriwa zimamoto?"

Kikaletwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Huwezi kukataa kahawa ukweni, na huwezi kuitafuna kwa haraka kama unayetafuna karanga kwenye basi. Unatafuna kwa heshima. Kila mzee akaniuliza habari za nyumbani. Kisha za watoto. Kisha za migomba, na mnyauko umefika wapi. Huku njiani napitwa! Akapita wa tano, akapita wa sita, akapita muuza nyama akanipungia mkono kwa furaha. Kila pikipiki ikipita, baba mkwe anatikisa kichwa.

"Na hawa nao ukweni kwao ni mbele zaidi?" akauliza.

Mara nikasikia mlio mwingine. Pikapu. Ilisimama kule juu, mwanzo wa mteremko, kumpakia mwalimu, mnyororo wake umekatika. Nikasimama.

"Baba, naomba ruhusa. Nakimbilia pikipiki."

"Si unayo?"

"Ile gari ikinitangulia Kayanga, Jovitha anaiuza pikipiki."

Wazee wakatazamana. Nadhani wanamfahamu Jovitha. Baba mkwe akainua mkono. "Mwacheni aende."

Lakini kwenda mikono mitupu hakuna. Ukaja mkungu wa ndizi, mkungu wa heshima, wa binti yao, mzito kama mkosi wangu. Pikipiki haina keria, kwa hiyo ukawekwa mbele, juu ya tangi la mafuta, nikaukumbatia. Bado naupanga vizuri, nikamwona Shangazi Koku anatoka ndani. Amebadilisha. Amevaa kitenge cha njano chenye tausi, kuanzia kilemba hadi kifundo cha mguu. Mkononi mwamvuli.

"Si unaenda Kayanga? Mungu amekuleta. Sijamwona Jovitha tangu Pasaka."

"Shangazi, hii ni ya mashindano. Haina hata pa kuweka miguu."

"Miguu yangu nitaibeba mwenyewe."

Nikampa helmeti yangu, maana shangazi huyo akipoteza hata jino moja sina mahali pa kulala. Miwani aliichukua mwenyewe, akasema vumbi linamsumbua na mimi bado nina macho mapya. Akakaa upande, akafungua mwamvuli, akanigonga bega. Tukaondoka.

Pikapu nayo ikaondoka. Nyuma yake wamejaa walioharibikiwa, na watu walioharibikiwa hawana kazi nyingine zaidi ya kushika simu na kurekodi. Nikawasikia wanashangilia. Tulipofika kwenye mwinuko mwamvuli ukaanza kuturudisha nyuma.

"Mbona unageuka geuka kutazama nyuma?" shangazi akauliza.

Nikamweleza kwa sauti, huku nakula vumbi: ile gari ikitupita, pikipiki hii inauzwa.

"Iuzwe? Na mimi nimeikalia?" Akafunga mwamvuli. "Kanyaga!"

Jamani, sijawahi kuendeshwa vile na mtu aliyekaa nyuma yangu. Ananigonga bega la kulia, napita kulia. Ananigonga la kushoto, napita kushoto. Dereva wa pikapu alipojaribu kujisogeza, shangazi alinyoosha mwamvuli pembeni, ukabaki umenyooka hivyo hivyo, na dereva akarudi nyuma kwa adabu. Nani atagonga mwamvuli wa mama wa watu?

Tukaikaribia Kayanga. Nikaanza kusikia muziki. Nikaanza na kuelewa ninakokwenda, na nilivyo. Kwenye kona ya mwisho nikajikaza.

"Shangazi, nikushushe hapo kivulini. Nafika mara moja, nakurudia."

"Unanionea aibu?"

"Hapana, shangazi. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa kumwacha mkwe wako njiani?"

Nikageuka. Pikapu ilikuwa palepale. Nikisimama tu, imepita. Nikapima haraka: uso wangu au pikipiki. Uso nilizaliwa nao bure. Pikipiki imekula mbuzi wangu wote. Nikanyonga mafuta mpaka mwisho.

Mtangazaji alikuwa na spika mbili kubwa, na Mungu alimjalia sauti.

"Anakuja mwingine! Ni namba kumi na... ngojeni. Wako wawili! Wananchi, wako wawili! Na wana ndizi! Na wana SARE!"

Sikuuona utepe kwa sababu ya mkungu. Niliusikia tu ukikatika. Umati ukapiga kelele ambayo sijaisikia hata mbio za Mwenge wa Uhuru zikipita. Nikashika breki, pikipiki ikasimama vizuri kabisa, nikashusha mguu.

Mguu haukukuta kitu. (Jiwe! Nani ataniwekea jiwe mwisho wa mbio?)

Tukaanza kulala upande, polepole, watu wote wakitutazama. Shangazi akaruka, akatua wima, mwamvuli mkononi, helmeti kichwani, miwani usoni. Mimi nikaenda chini na mkungu ukanijia juu. Watu wakakimbia. Nikasema afadhali, wanakuja kunisaidia. Wakanipita! Wakamwendea mwenye helmeti, wakamshika mkono, wakauinua juu. Mtangazaji naye akafika na kipaza sauti.

"Mama, hongera! Umeanza lini mashindano?"

"Leo," akasema shangazi.

"Na huyu aliye chini ya ndizi?"

Akaniangalia kidogo. "Huyu ni mkwe wetu. Alikuwa anapita."

Basi. Hapo ndipo Kayanga ilipovunjika mbavu. Muuza nyama alilia machozi. Mwalimu, mtu mzima na heshima zake, alikuwa anapiga bodi ya pikapu kwa viganja. Mimi nimelala nasikiliza yote, ndizi mbili zimo shingoni.

Wakaanza kubishana kama nimemaliza au sijamaliza. Mwenyekiti akapanda tena juu ya kreti lake. Akafikiri. Akasema sheria inataka pikipiki na mwendeshaji wavuke utepe kabla ya gari, na haikusema wavuke peke yao. Akamaliza kwa kutangaza kwamba namba kumi na moja amemaliza, wa mwisho, na mkungu wake haudhibitiwi na kamati.

Nikautafuta uso wa Jovitha. Alikuwa amekaa chini kabisa kwenye vumbi, kanga mdomoni, mabega yanacheza. Alipopata pumzi akaja, akaniondolea mkungu, akanifuta paji la uso.

"Umemaliza," akasema. "Tulikubaliana. Pikipiki inabaki."

Nilitaka kumbeba! Aibu yote ikaniishia pale pale. Nina pikipiki! Mwaka kesho napunguza uzito, nanunua shokapu mpya, nakwenda...

"Lazima ibaki," akasema Shangazi Koku. Alikuwa anaipapasa siti. "Sisi kule tunasafirisha ndizi kwa kuwabembeleza watu. Fundi, hii haiwezi kufungwa keria?"

Nikamwangalia Respi. Rafiki yangu tangu utotoni. Ameijenga pikipiki hii kwa mikono yake, anajua kila nati yake ilitoka wapi.

"Samahani, Audax," akasema. "Inaweza kabisa, shangazi. Keria kubwa."

Nikafungua mdomo niseme pikipiki ya mashindano haibebi ndizi. Watu wote waliosimama pale walikuwa na video kwenye simu zao. Nikaufunga.

Jovitha alikuwa ameshapiga hesabu. Kila Jumamosi Nyakakika, mikungu ya ukoo mzima mpaka soko la Kayanga, nauli inaingia kwake, na kabla ya mvua za vuli tangi limesimama pembeni ya nyumba. "Pikipiki umeipata, na tangi nimelipata," akasema, tena kwa upendo. Sikuona pa kukatalia. Na kusema kweli, hapo nilimpenda.

Keria imeshafungwa, nimeisikia ikigongwa tangu saa kumi na moja jioni. Shangazi amesema analala hapa wiki nzima ili Jumamosi turudi pamoja, na helmeti hajaivua bado.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuingia mbio za vumbi na kuniuliza gharama, ya kuingia ni mbuzi wako wote. Ya kumaliza naanza kuilipa Jumamosi, na mkinikuta njiani na mikungu, tafadhali, msinipungie mkono.